Mgeni Alale Wapi? Harar na Milango Yake Mitano

Katika kikao cha mwisho kabla ya likizo tulikubaliana kwamba safari ya masomo ya mwakani iwe Harar, mji wenye ukuta ulioko mashariki ya Ethiopia. Mimi, kwa kuwa ndiye mweka hazina, nikapewa kazi ya kutafuta malazi. Agizo lilikuwa fupi: gesti ya bei nafuu, safi, kwa usiku saba. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Nikakuta kuna vitanda vya aina mbili. Nje ya ukuta, upande wa mji mpya, zipo hoteli za kawaida, zenye televisheni chumbani na mahali pa kuegesha gari. Ndani ya ukuta mambo ni mengine: zipo nyumba za zamani za Waharari ambamo wenyewe bado wanaishi, na wametenga vyumba viwili vitatu kwa ajili ya wageni. Ukiacha hoteli kubwa, bei hazipishani sana. Hesabu peke yake haikunisaidia kuchagua, nikaenda maktaba kutafuta sababu nyingine.

Nilichokikuta ni kwamba swali la mgeni alale wapi halikuwa swali dogo katika mji ule. Kwa muda mrefu lilikuwa jambo la serikali. Aliyetawala Harar ndiye aliyeamua nani alale ndani, kwa nani, na kwa masharti gani. Na kila utawala ulipobadilika, kitanda cha mgeni nacho kilibadilika. Kiswahili kina neno moja, mgeni, kwa mtu usiyemjua na kwa mtu uliyemkaribisha. Mwenyeji naye ni mzaliwa wa mahali, na ndiye huyo huyo anayekupokea. Ninaposoma habari za Harar naona watu wakihangaika baina ya maana hizo mbili za mgeni, nusu ya kwanza langoni na nusu ya pili sebuleni.

Wenyewe hawauiti mji wao Harar. Wanauita Gey, maana yake "mji" basi, kana kwamba hakuna mwingine. Lugha yao ni Gey Sinan, lugha ya mji. Ni ya Kisemiti, ina undugu na Kiamhari, na kwa muda mrefu iliandikwa kwa herufi za Kiarabu kama Kiswahili kilivyoandikwa. Ukuta unaitwa Jugol, na siku hizi jina hilo hutumika kwa mji wote wa zamani uliomo ndani yake. Si mkubwa. Eneo ni hekta 48, na ukuta una urefu wa kama kilomita tatu na nusu, kwa hiyo mtu anaukata mji kwa miguu, kutoka lango hadi lango, bila kuchoka. Katika nafasi hiyo ndogo UNESCO ilihesabu misikiti 82 na makaburi 102 ya mawalii yanayozuriwa, ilipouingiza Jugol katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulikuwa umeingia mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001. Nitarudi kwao hapo mbele.

Ukuta wenyewe una kisa. Mwaka 1520 Harar ikawa makao makuu ya usultani wa Adal. Kutoka huko Imam Ahmad bin Ibrahim, ambaye Wahabeshi humwita Gragn, yaani mwenye shoto, alitoka na jeshi lililokaribia kuimaliza Ethiopia ya Kikristo. Wareno walikuja kumsaidia mfalme wa Wakristo. Mwaka 1542 Imam alimkamata kiongozi wao, Cristóvão da Gama, akamkata kichwa. Huyu alikuwa mwana wa yule Vasco da Gama aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Sisi tunaosoma habari za Wareno kwenye pwani yetu tu, mara nyingi hatuoni kwamba vita ilikuwa moja na pana. Mwaka 1543 Imam naye aliuawa. Mpwa wake, Nur bin Mujahid, akashika uamiri na kumwoa mjane wake, Bati Del Wambara. Mwaka 1559 Nur alimshinda na kumuua mfalme Galawdewos vitani, lakini ushindi huo haukumletea raha. Nchi ilikuwa imekwisha kwa vita, njaa ilikuwepo, maradhi yalikuwepo, na Waoromo walikuwa wakisogea kutoka kusini. Mapokeo ya Harar humpa Nur sifa ya kujenga ukuta, ingawa UNESCO inaupa muda mrefu zaidi, kati ya karne ya 13 na ya 16. Vyovyote iwavyo, mji uliokuwa ukituma majeshi nje sasa ulijifungia ndani.

Milango ya zamani ni mitano, na watu huihusisha na sala tano za siku: Assum Bari, Argob Bari, Suqutat Bari, Badro Bari na Asmadin Bari. Bari ni mlango. Kila mmoja una jina lingine kwa Kiamhari au Kioromo, jambo la kukumbuka unapomwelekeza dereva wa bajaji (nao pia huiita bajaj), maana Asmadin Bari yako kwake ni Mlango wa Shewa. Chini ya ukuta yapo matundu yaitwayo waraba nudul, matundu ya fisi. Usiku fisi hupita humo kuingia mjini kula takataka na mifupa. Ndiyo kusema kwamba mji ulipofungwa kwa binadamu haukufungwa kwa fisi, na sijasoma kwamba kuna amiri aliyetaka kuyaziba.

Milango ilifungwa jua linapokuchwa. Richard Burton, Mwingereza aliyeingia Harar tarehe 3 Januari 1855, anaeleza kwamba jioni funguo zilipelekwa kwa amiri, na baada ya hapo hakuna aliyetoka mpaka alfajiri. Burton tunamjua kwa habari nyingine: miaka miwili baadaye alitoka Zanzibar na Speke kwenda kutafuta maziwa makuu, akafika Ujiji mwaka 1858, kisha akaandika kitabu kizima juu ya Zanzibar. Harar ilikuwa kabla ya hayo yote. Anahesabiwa kuwa Mzungu wa kwanza anayejulikana kuingia mji ule na kutoka salama, na kitabu chake cha 1856 ndicho ambacho karibu kila mwandishi wa Kiingereza huanzia anapoandika habari za Harar. Kwa sababu hiyo inafaa tuuangalie ugeni wake kwa karibu, usiku kwa usiku, kwa jicho la mtu anayetafuta chumba.

Alianza safari kwa sura ya mfanyabiashara Mwarabu. Karibu na Harar watu wakamshuku kuwa Mturuki, jambo lililokuwa baya kuliko kuwa Mwingereza, kwa hiyo akabadili shauri: akajiandikia barua kwa jina la mwakilishi wa Uingereza kule Aden, akaipeleka mwenyewe kwa amiri kana kwamba ametumwa. Aliingia kwa mlango wa mashariki. Akangojeshwa, akaitwa mbele ya Amiri Ahmad, akajibu maswali, kisha ndipo likaja suala la kulala. Hakuulizwa anataka kulala wapi. Alipewa nyumba iliyokuwa ya amiri, karibu na jumba lake, na chakula kikatoka jikoni kwa amiri: mikate ya mtama iliyolowekwa katika maziwa ya mgando na kunyunyiziwa pilipili nyekundu. Bure kabisa. Kwa upande wa bajeti, hakuna msafiri aliyewahi kulala Harar kwa bei nzuri kuliko hiyo.

Lakini hakuweza kuondoka. Kula chakula cha amiri na kulala chini ya dari la amiri maana yake ilikuwa kwamba ni amiri atakayesema siku ya kwenda. Burton alikaa siku kumi, akiogopa kuandika waziwazi, akimbembeleza waziri, Gerad Muhammad, ambaye alikuwa na ugonjwa wa kifua na alitamani dawa kutoka Aden. Tarehe 13 Januari ruhusa ikatoka, naye akaondoka mbio. Miezi mitatu baadaye alipigwa mkuki shavuni Berbera, katika shambulio ambalo hata mwenzake mmoja aliuawa. Hilo ni jambo lingine, lakini lilimwachia kovu ambalo wapagazi wa Bagamoyo walikuja kuliona. Kaburi lake lipo Mortlake, hapa London, nalo limejengwa kwa mawe mfano wa hema. Nililizuru mwezi wa tatu. Ni hema la mtu ambaye katika vitabu vyake alilalamikia sana malazi ya wengine.

Sasa, Burton aliuita mji ule mji uliofungwa, na neno hilo limebaki. Hapa ndipo ninapotofautiana naye. Ulifungwa kwa nani? Maelezo yake mwenyewe yanaonyesha mji wa soko. Kahawa ilitoka Harar kwenda Zeila na Berbera, pamoja na pembe za ndovu, vitambaa viliingia, Waoromo walileta mazao kila siku kutoka mashamba ya nje, Wasomali walikuja na misafara, wanafunzi wa dini walikuja kusoma kwa masheikh. Mji ulikuwa hata na sarafu yake wenyewe. Watu hao wote walipita milango ile ile. Walichotakiwa kuwa nacho ni mtu. Katika njia za Wasomali mtu huyo aliitwa abbaan: alikuwa mlinzi wako, mwenyeji wako na dalali wako kwa pamoja, akikudhamini kwa jina la ukoo wake na kula sehemu ya faida yako. Asiyekuwa na abbaan hakuwa na pa kulala, hata awe na fedha. Wazee wetu waliosafiri bara kutoka Bagamoyo au Mombasa wasingeona ajabu yoyote katika utaratibu huo. Mgeni aliyeshangaa ni yule aliyezoea kwamba fedha hutosha.

Wapo pia waliolala ndani ya ukuta bila kuulizwa kama wanataka kuingia. Harar ilikuwa njia ya watumwa kwenda pwani na ng'ambo, na Burton anawataja miongoni mwa bidhaa. Vitabu vya watalii huruka habari hiyo, kama vinavyofanya mara nyingi kwa miji yetu wenyewe. Usiku ambao yeye alikula mikate ya amiri, wao walikuwamo mjini humo, na milango iliyofungwa ilikuwa na maana nyingine kwao.

Kitanda cha kulipia, kwa jinsi ninavyoielewa historia hii, kilipata nafasi kwa nguvu ya bunduki. Mwaka 1875 jeshi la Misri likiongozwa na Rauf Pasha liliuteka mji, na Amiri Muhammad akauawa. Wamisri walikaa miaka kumi, na katika muda huo wafanyabiashara wa Ulaya waliweza kukodi nyumba Harar na kuishi humo. Mmoja wao alifika Desemba 1880, kijana wa miaka 26 aliyeajiriwa na kampuni ya Kifaransa ya Aden kununua kahawa na ngozi: Arthur Rimbaud, aliyekuwa ameacha ushairi. Aliondoka na kurudi mara kadhaa, na mwaka 1888 akafungua duka lake mwenyewe. Katika barua zake kwa mama yake alitaja mara nyingi kwamba atakwenda Zanzibar, hakufika kamwe. Mwaka 1891 alibebwa kwenye machela hadi Zeila akiwa na goti lililoharibika, na Novemba mwaka huo akafa Marseille.

Leo ukifika Jugol utaonyeshwa Nyumba ya Rimbaud, jengo zuri la mbao lenye vioo vya rangi, sasa ni makumbusho. Jengo hilo lilisimamishwa baada ya kifo chake na mfanyabiashara wa Kihindi. Naona heri lingeitwa kwa jina la Wahindi, maana historia yao ndiyo iliyoandikwa kwenye kuta zile. Walikuja kwa wingi baada ya 1887, na UNESCO inaitaja "nyumba ya Kihindi" kuwa aina mojawapo ya nyumba za Harar: ghorofa moja juu, roshani ya mbao inayotazama barabara au ua. Aliyepita Darajani au Mombasa mji wa kale ameshaiona nyumba hiyo bila kwenda Ethiopia.

Mwaka huo wa 1887 ndio mwaka ambao Waharari hawausahau. Wamisri walikuwa wameondoka 1885 na Amiri Abdullahi akarudisha utawala wa wenyewe, akiwaogopa wageni kuliko waliomtangulia. Mwaka 1886 msafara wa Waitalia uliuawa njiani kuelekea mjini. Januari 1887 Menelik, mfalme wa Shewa, alilivunja jeshi la amiri huko Chelenqo na kuingia Harar. Makonnen, binamu yake, akawa gavana. Kanisa la Medhane Alem likajengwa kwenye uwanja wa katikati, Faras Magala, soko la farasi (neno hilo la kwanza hatuhitaji kutafsiriwa). Mtoto wa Makonnen, Tafari, alizaliwa mwaka 1892 kijiji cha jirani, akaja kuwa Haile Selassie.

Kuanzia hapo nitakwenda haraka. Reli ya Wafaransa kutoka Djibouti ilishindwa kupanda milima ya Harar. Ilipofika mwisho wa 1902 ilisimama bondeni, na mji mpya, Dire Dawa, ukaota kwenye stesheni. Biashara ikashuka bondeni, na msafiri wa kawaida akalala huko. Harar ilibaki juu, kiasi cha kilomita hamsini, ikiwa na utukufu wake na vitanda vichache. Wakati wa Haile Selassie ukuta ulitobolewa mlango wa sita ili magari yapite. Mji mpya ukakua magharibi, nje ya ukuta, na hoteli zikafuata magari. Mwaka 1948, baada ya harakati zilizoitwa Kulub, ambamo baadhi ya Waharari waliungana na vijana wa Kisomali wa Somali Youth League, serikali iliwakamata watu wengi na kunyang'anya mali. Familia nyingi zilihamia Addis Ababa, na kizazi kilichofuata kikaenda mbali zaidi, hadi Toronto. Mwaka 1975 serikali ya Derg ilitaifisha ardhi ya mijini na nyumba zote za ziada, na kupangisha nyumba binafsi kukapigwa marufuku. Familia ilibakiwa na nyumba moja ya kukaa. Ndiyo sababu chumba cha wageni ndani ya nyumba ya Kiharari, kile ninachokiona leo nikitafuta malazi, ni kitu kipya sana. Kwa amiri mgeni alilala bure kwa amri. Kwa Mmisri alilala kwa kodi chini ya bunduki. Kwa Derg hakutakiwa kulala humo kabisa. Sasa, kwa mara ya kwanza, ni mama mwenye nyumba anayeamua.

Nieleze nyumba hiyo, kwa sababu ndiyo tutakayoilipia. Mlango wa barabarani unaingiza kwenye ua, na barabarani huoni chochote ila ukuta uliopakwa chokaa. Chumba kikuu, gidir gar, hakina viti. Kina nadaba tano, yaani mabaraza ya ndani ya viwango mbalimbali vya urefu, na kila moja lina mtu wake. Amir nadaba ni la mwenye nyumba au mgeni mwenye heshima, likitazama mlango. Nadaba kubwa ni la watu wa kawaida, dogo ni la vijana na wadogo. Moja liko nyuma ya mlango, na moja, sutri nadaba, limejificha pembeni, mahali pa kulala. Ukutani kuna vishubaka vya kuwekea vitabu na vyombo, na yeyote aliyeona zidaka za Lamu atasimama hapo kwa muda. Ukuta mzima umefunikwa kwa sinia za ukindu za rangi na mabakuli yaliyopangwa. Sakafu na mabaraza hupakwa udongo mwekundu, na husimuliwa kwamba ni kumbukumbu ya damu ya waliokufa Chelenqo. Kando kuna kirtat, chumba kidogo ambamo bibi harusi hukaa siku zake za fungate. Vyumba vya wageni mara nyingi huwa pembeni ya ua, au juu ghorofani.

Kwa hiyo mgeni anayeingia anasomwa mara moja: anakaa wapi, anavua viatu wapi, anamwamkia nani kwanza. Mwenzetu mmoja aliyelelewa Lamu alipoona picha alisema, "Hapa nitajua pa kukaa kabla sijaambiwa." Mimi niliyelelewa kwenye nyumba ya makochi nitamfuata yeye.

Sasa mambo ya mfukoni, ambayo nayo yana historia yake. Bei zilizochapishwa kwenye vitabu vya wasafiri tuzisahau: Julai 2024 Ethiopia iliacha birr ijitafutie thamani sokoni, na bei za zamani hazina maana tena. Tuulize kwa simu, tuulize kama ni kwa kichwa au kwa chumba, na kama chai ya asubuhi imo. Vyumba vinavyojitegemea ni vichache ndani ya Jugol. Choo na bafu hutumiwa kwa pamoja, na mara nyingine ni ndoo na kata. Suala la maji si uzembe wa wenyeji. Harar ilitegemea Ziwa Haramaya, nalo lilikauka mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kunyonywa na mashamba na miji na kwa kujaa udongo, hata maji yakabidi yavutwe kutoka mbali bondeni. Atakayelalamika kwamba bomba halitoi ajue anazungumza juu ya ziwa zima.

Kufika ni kwa ndege au treni mpaka Dire Dawa, kisha basi dogo kupanda mlima kama saa moja. Basi la moja kwa moja kutoka Addis Ababa ni nafuu zaidi lakini linakula siku nzima, na hali ya usalama barabarani hubadilika. Hilo tutaliangalia wiki ya safari, si leo. Kwenye saa sisi tuna bahati. Waethiopia huhesabu saa kama sisi: saa moja ni baada ya jua kuchomoza. Wenzetu wa idara nyingine wataambiwa basi linaondoka saa kumi na mbili, wafike mchana. Sisi tutakuwa tumeshakaa. Kwenye tarehe bahati hiyo hatuna. Kalenda yao ina miezi 13 na iko nyuma ya hii yetu kwa miaka saba au minane, kwa hiyo risiti ya amana yetu itaonyesha mwaka ambao baadhi ya wanachama walikuwa bado shule ya msingi. Mhasibu wa chuo nimeshamweleza.

Tuepuke pia kugongana na Shuwalid, sikukuu ya Waharari baada ya siku sita za funga zinazofuata Idi, ambayo UNESCO iliiorodhesha Desemba 2023. Au tuifuate makusudi, lakini tujue kwamba Waharari wa ng'ambo hurudi kwa wingi wakati huo, na vyumba ndani ya ukuta vinahitajika na ndugu kabla ya watalii. Mimi nisingependa kulala kwenye kitanda cha shangazi aliyetoka Toronto.

Hofu yangu kubwa ni nyingine, nami naisema ili ijadiliwe. Lamu na Mji Mkongwe tumeona nyumba moja moja ikigeuzwa hoteli, mwenyewe akihamia nje ya mji, na zidaka zikibaki kupambwa kwa taa za umeme. Nyumba hubaki, mwenyeji haonekani. Jugol bado watu wanaishi humo. Tukilala nje ya ukuta, fedha zetu hazigusi nyumba hizo, na mchana tutaingia kupiga picha za milango ya watu kisha tutoke jioni, kama soko. Tukilala ndani, tunamlipa mwenye nyumba moja kwa moja naye anapata sababu ya kuikarabati na kubaki. Lakini wageni wakizidi, sababu hiyo hiyo yaweza kumwonyesha kwamba vyumba vyote saba vinalipa kuliko viwili. Mhadhiri wetu wa historia aliyeisoma rasimu hii aliniuliza pembeni ya ukurasa: "Na ukilipa, wewe ni mgeni au mteja?" Sina jibu la kumpelekea. Najua tu kwamba Burton hakulipa, na hakuwa huru.

Pendekezo langu mbele ya kamati ni kulala ndani, usiku zote saba. Tuko kumi na wanne, na hakuna nyumba niliyoipata yenye nafasi hiyo, kwa hiyo tutagawanyika nyumba tatu, wanawake mbili na wanaume moja. Jioni za kwenda kuwaona fisi wakilishwa nje ya milango turudi pamoja, maana milango ya nyumba hufungwa mapema hata kama ile ya mji siku hizi haifungwi. Wajumbe wawili wamepinga; wanataka hoteli ya nje kwa sababu ya bafu na intaneti, na wana haki ya kusikilizwa kwenye kikao. Amana ni ya usiku mbili za kwanza. Mpaka ninapoandika haya, waliokwisha kulipa ni sita.